Corvair 1960 hadi 1969: gari moja, matoleo kumi

Leo tunaweka kompyuta kando kidogo tuzungumze habari za gari. Usifunge ukurasa! Gari lenyewe lina mengi ya kumfunza yeyote anayetengeneza kitu kitakachotumiwa na watu ambao hatawahi kuwaona, iwe ni programu, jiko la gesi au daraja.

Gari hilo ni Chevrolet Corvair, kazi ya kampuni ya General Motors (GM) ya Marekani. Mtajie jina hilo mpenzi wa magari ya zamani, na mara nyingi atakujibu kwa moja ya sentensi mbili. Ama atasema, "Hilo ndilo gari lililokuwa likiua watu," ama atasema, "Hilo gari lilisingiziwa." Wamebishana hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Nionavyo mimi, ubishi hauishi kwa sababu hawajaulizana swali ambalo mtu wa programu angeanza nalo: unazungumzia toleo gani?

Kwa hivyo leo tutafanya kazi ambayo waandishi wa programu huifanya kila siku. Tutayapanga matoleo yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho, halafu tutazame nini kilibadilika, lini, na nani aliambiwa.

MWAKA WA MODELI NI NINI?

Kwa wale wasiojua, Wamarekani wana desturi ya kulipa gari mwaka. Desturi hii iliimarishwa na GM yenyewe katika miaka ya 1920 chini ya Alfred Sloan. Kila mwaka gari libadilishwe kidogo, hata kama ni taa na mapambo tu, ili mwenye gari la mwaka jana aanze kulitamani la mwaka huu. Modeli mpya zilitoka majira ya vuli, miezi michache kabla ya mwaka zilizopewa. Ndiyo maana Corvair ya kwanza iliyoingia madukani tarehe 2 Oktoba 1959 iliitwa modeli ya 1960.

Ni namba ya toleo tu, kama zile tunazoziweka kwenye programu zetu. Tofauti ni kwamba programu ya zamani unaweza kuifuta na kuweka mpya. Gari la 1960 litabaki la 1960 hadi siku litakapokwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na katikati hapo litapitia mikono ya watu watatu, wanne au watano. Kila mmoja wao ataliita kwa jina lile lile: Corvair.

KWA NINI INJINI ILIPELEKWA NYUMA

Mwishoni mwa miaka ya 1950 magari ya Marekani yalikuwa makubwa kama mashua. Wakati huo huo Volkswagen Beetle kutoka Ujerumani ilikuwa ikinunuliwa na Wamarekani zaidi na zaidi. Kampuni tatu kubwa za Detroit zikaamua kila mmoja itengeneze gari dogo. Ford walitoa Falcon, Chrysler wakatoa Valiant, na hizo mbili zilikuwa magari ya kawaida yaliyopunguzwa ukubwa.

Mkuu wa Chevrolet wakati huo, Ed Cole, alikuwa mhandisi na hakutaka kupunguza ukubwa tu. Gari lake lilikuwa na injini ya aluminiamu yenye silinda sita zilizolala pande mbili, tatu huku na tatu kule, ikipozwa kwa hewa badala ya maji, na ikakaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Mbele palikuwa na buti. Magurudumu yote manne yalikuwa na springi yake yenyewe, kila moja likipanda na kushuka peke yake. Kwa kampuni kubwa ya Marekani huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Jarida la Time lilimweka Cole kwenye jalada lake mwezi huo wa Oktoba 1959, na jarida la Motor Trend likalichagua Corvair kuwa gari la mwaka 1960.

TOLEO LA 1960

Injini ilikuwa ya lita 2.3 na ilitoa nguvu za farasi 80, au 95 ukilipa zaidi. Bei ilikuwa karibu dola 2,000. Katika mwaka wake wa kwanza Corvair iliuza takriban magari 250,000. Ni mengi, lakini Falcon ya kawaida kabisa iliuza zaidi ya 430,000. Mnunuzi wa gari dogo alitaka urahisi, na uhandisi haukumshughulisha sana. GM waliona, wakaanza haraka kutengeneza gari jingine la kawaida, Chevy II, lililotoka kama modeli ya 1962.

Toleo la kwanza lilikuwa na vituko vyake, kama matoleo yote ya kwanza. Mkanda wa feni ulitoka kwenye puli iliyosimama ukaenda kwenye feni iliyolala, hivyo ulilazimika kujipinda njiani mara mbili. Injini zilivuja oili. Lakini hayo ni mambo ya fundi na kitambaa. Jambo zito lilikuwa chini, kwenye magurudumu ya nyuma.

Nyoosha mkono wako pembeni, usawa wa bega, na ufikirie kwamba hauna kiwiko wala kifundo, unaweza kuusogeza kutoka begani tu. Kiganja kiwe ndilo gurudumu, kimesimama wima. Sasa shusha mkono. Umeona? Kiganja hakiko wima tena, kimeinama, chini kikielekea mwilini. Ndivyo ekseli ya nyuma ya Corvair ilivyofanya kazi. Ilikuwa na kiungo kimoja tu kila upande, pale inapoanzia kwenye difu. Gurudumu likipanda au kushuka, lazima liiname.

Kwa safari za kawaida hakuna neno. Lakini dereva akiingia kona kwa kasi kubwa, sehemu ya nyuma ya gari inaweza kuinuka, na gurudumu la nje, lile linalobeba mzigo wote, linajikunja na kuingia chini ya gari. Tairi sasa linasimama kwa ukingo wake. Mshiko unapotea, na unapotea ghafla. Nyuma inachomoka, gari linazunguka, na likikuta ukingo wa barabara au udongo laini linaweza kupinduka. Dereva aliyezoea magari yenye injini mbele hujua kwamba ukizidisha kasi konani, gari hugoma kukata na kwenda mbele moja kwa moja, na hapo humpa nafasi ya kupunguza mwendo. Corvair ilikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya uzito wake nyuma, na katika hali hiyo ya mwisho ilimfanyia kinyume.

Kabla hujasema Wamarekani walikuwa wajinga, kumbuka hawakuubuni mfumo huu. Volkswagen Beetle ilikuwa nao. Porsche 356 ilikuwa nao. Mercedes-Benz waliutumia kwa namna yao. Beetle yenye ekseli ya namna hiyo ilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1962, na sote tunajua zile barabara zilikuwaje! Lakini Beetle ilikuwa na injini nyepesi na yenye nguvu kidogo, na mwenye Porsche alinunua akijua amenunua gari la aina gani. Corvair iliuzwa kwa baba wa familia aliyetaka gari la kwenda kazini na kanisani.

SULUHISHO LILILOFICHWA KWENYE UPEPO WA TAIRI

Hapa ndipo mwandishi wa programu anapokaa wima kitini.

Wahandisi wa Chevrolet walijua tabia hiyo. Palikuwa na fito ya chuma ambayo ingesaidia. Mafundi wetu huiita stebilaiza, nayo huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia mbele ya gari ili mwili usilale upande mmoja konani. Ukiiweka mbele, kazi ya kupambana na kona huhamia zaidi kwenye matairi ya mbele, na yale ya nyuma hupumua. Corvair ya 1960 haikuwekewa fito hiyo. John DeLorean, aliyekuja kuiongoza Chevrolet baadaye, alieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1979 kwamba ilionekana ni ghali mno, nayo ilikuwa ya takriban dola 15 kwa gari.

Badala yake walitumia upepo. Mwongozo wa gari ulisema matairi ya mbele yajazwe 15 psi na ya nyuma 26 psi yakiwa baridi. Tofauti hiyo haikuwa ya bahati mbaya. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi na kushika kidogo, kwa hivyo mbele ingeanza kuteleza kabla ya nyuma, na gari lingekuwa na tabia ile ambayo dereva ameizoea. Kwenye karatasi hesabu ni sawa kabisa. Na ni bure!

Sasa mpeleke huyo baba wa familia kwenye kituo cha mafuta. Kijana wa pampu anaona tairi la mbele lina 15. Kwa macho yake hilo limeisha upepo. Analijaza lilingane na la nyuma, kwa nia njema, labda hata bila kuulizwa. Baba anashukuru, anampa kidogo cha soda, anaondoka. Kinga yote ya gari imefutwa kwa dakika moja, na hakuna taa iliyowaka wala kengele iliyolia.

Sisi tuna jina la kosa hili. Usalama wa mfumo mzima umewekwa kwenye mpangilio mmoja ambao mtumiaji anaweza kuubadilisha bila kujua, na maelezo yake yako kwenye mwongozo ambao hakuna anayeusoma. Kuandika "ilishasemwa kwenye mwongozo" ni rahisi. Lakini mwongozo unamlinda aliyeuandika kuliko anavyolindwa aliye nyuma ya usukani.

1961 HADI 1963: MAPAMBO YANAONGEZEKA

Tuendelee na matoleo.

Mwaka 1961 injini ilikuzwa ikawa lita 2.4. Ikaja gia ya mkono ya hatua nne, likaja gari la mizigo la familia lililoitwa Lakewood, na pia vani iliyoitwa Greenbrier. Tairi la akiba likahamishwa kutoka buti ya mbele likawekwa nyuma karibu na injini, ili buti iwe na nafasi. Angalia hilo vizuri: uzito zaidi nyuma.

Mwaka huo ndipo bahati ilipogeuka. Modeli ya kifahari iitwayo Monza, yenye viti viwili vya mbele vilivyotenganishwa, ilikuwa imeanza katikati ya 1960, na sasa ikauza zaidi ya magari 140,000. Vijana waliipenda. Corvair ikaacha kuwa gari la bei nafuu na ikawa gari la raha la mtu wa kawaida. Ford waliyaona mauzo hayo ya Monza, na jibu lao lilikuwa Mustang ya Aprili 1964. Tutalirudia.

Mwaka 1962 ikatoka Monza isiyo na paa, kisha ikaja Spyder yenye turbo na nguvu za farasi 150. Pamoja na Oldsmobile Jetfire ya mwaka huo huo, hizo zilikuwa gari za kwanza za abiria zenye turbo kuuzwa na kampuni kubwa ya Marekani. Na humo humo, katika orodha ndefu ya vitu vya kuongeza kwa malipo, kukatokea kitu kidogo: vifaa vya springi ngumu vikiwa na stebilaiza ya mbele.

Soma tena. Mwaka 1962 suluhisho lipo, limeshatengenezwa, lina namba yake ya kuagizia. Lakini uliagize mwenyewe na ulipie mwenyewe. Aliyejua umuhimu wake ni mpenda mbio, ambaye tayari anajua kuendesha. Baba wa familia hajui aombe nini. Kwa lugha yetu ni kama kutoa programu yenye ulinzi wa nywila, kisha ukauzima, na kitufe cha kuuwasha ukakificha kwenye ukurasa wa nne wa mipangilio ya "wataalamu".

Mwaka 1963 mabadiliko yalikuwa machache. Breki zilianza kujirekebisha zenyewe, na rangi na nembo zikabadilika. Ekseli ilibaki ile ile. Kufikia mwisho wa mwaka huo wa modeli, zaidi ya magari milioni 1 yenye ekseli ya kwanza yalikuwa barabarani.

1964: KIRAKA

Bunkie Knudsen alichukua uongozi wa Chevrolet mwaka 1961. Kwa simulizi ya DeLorean, Knudsen aliwaambia wakubwa wa GM kwamba springi za Corvair zirekebishwe la sivyo ataondoka. Alishinda.

Modeli ya 1964 ilitoka na stebilaiza ya mbele kwa kila gari, bila kuomba. Nyuma waliongeza springi ya bapa iliyolala kwa upana chini ya difu, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Springi hiyo ilibeba sehemu ya uzito bila kuongeza ubishi wa kona, na ikasaidia magurudumu yasijikunje sana. Injini ikawa lita 2.7.

Ekseli yenyewe haikubadilika. Ilikuwa ile ile ya kiungo kimoja. Hiki kilikuwa kiraka, lakini kiraka kilichoshonwa vizuri. Wengi waliolijua gari hili husema Corvair ya 1964 ndiyo bora zaidi ya zile za umbo la kwanza, na ukitazama kilichobadilika unaelewa kwa nini.

Swali langu ni la wale wengine milioni. Wenye magari ya 1960, 1961, 1962 na 1963 hawakuitwa. Hakukuwa na mwito wa kuyarudisha magari yao yakawekewe stebilaiza. Wakati huo hakuna sheria ya taifa iliyolazimisha kampuni kumwandikia mwenye gari kwamba kuna kasoro. Kiraka kilitolewa, lakini kwa wanunuzi wapya tu.

1965: WALIANDIKA UPYA

Modeli ya 1965 ilikuwa gari jipya. Umbo lilibadilishwa kabisa, likawa refu na laini, bila nguzo kati ya vioo vya pembeni. Hata leo ukiliona pichani huwezi kudhani ni la miaka 60 iliyopita. Kulikuwa na modeli ya Corsa yenye kabureta nne na nguvu za farasi 140, au turbo yenye 180.

Lakini jambo kubwa lilikuwa chini. Ule mkono usio na kiwiko ulitupwa. Kila upande wa ekseli sasa ulikuwa na viungo viwili, na mikono mingine ya chuma ililishika gurudumu lisiiname ovyo, kwa mtindo unaofanana na wa gari la michezo la Corvette la 1963. Gurudumu likapanda na kushuka likiwa karibu wima. Waandishi wa magari waliliendesha wakalisifu sana, na mauzo ya mwaka huo yalizidi 230,000.

Kwa hivyo, kufikia Septemba 1965, tatizo lilikuwa limekwisha kwenye magari mapya. Lilirekebishwa kwa hatua mbili, kiraka kisha kuandika upya, kama vile mwalimu wa uhandisi wa programu angetaka.

KISHA KITABU KIKATOKA

Tarehe 30 Novemba 1965 mwanasheria kijana aitwaye Ralph Nader alitoa kitabu Unsafe at Any Speed, maana yake hatari kwa kasi yoyote ile. Kitabu kilizungumzia tasnia nzima ya magari, lakini sura ya kwanza ilikuwa ya Corvair. Humo alimtaja mama mmoja wa California aliyepoteza mkono gari lake lilipopinduka mwaka 1961, na GM wakamlipa dola 70,000 kumaliza kesi mwaka 1964. Kesi zaidi ya mia moja zilikuwa zimefunguliwa dhidi ya kampuni kuhusu gari hilo.

Nader hakuficha kwamba springi zilibadilishwa 1964 na 1965. Hoja yake ilikuwa hasa hiyo: kwa nini ilichukua miaka minne na zaidi ya magari milioni 1? Lakini msomaji wa gazeti hakubeba namba za toleo kichwani. Alibeba jina. Corvair ni hatari, basi.

GM nao waliharibu mambo zaidi. Waliajiri wapelelezi wa kibinafsi wamfuate Nader na kuchimba maisha yake. Siri ilifichuka, na tarehe 22 Machi 1966 rais wa GM, James Roche, aliomba radhi mbele ya kamati ya Seneti. Nader aliwashtaki, na mwaka 1970 wakamlipa dola 425,000. Kampuni iliyokuwa na jibu zuri la kihandisi mkononi, yaani gari la 1965, iliamua kumshughulikia mtu badala ya kujibu hoja. Wenzangu mnaopokea ripoti za kasoro kutoka nje, hapo pana somo :-)

Tarehe 9 Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kitaifa ya usalama wa magari. Kuanzia hapo serikali iliweza kuweka viwango, na kampuni ikigundua kasoro ya usalama ililazimika kuwaarifu wenye magari. Kile ambacho wenye Corvair ya 1960 hawakupata, wenye magari waliofuata walipata kwa sheria.

1966 HADI 1969: KUFIFIA

Mwaka 1966 mauzo yalishuka hadi kidogo juu ya 100,000. Wengi husema ni kitabu kilichoua Corvair. Kwa sehemu ni kweli, lakini tusiisahau Mustang. Mustang ilikuwa Falcon iliyovishwa nguo nzuri: rahisi kutengeneza, na injini kubwa ya silinda nane iliingia bila shida. Corvair haikuwa na mahali pa kuweka injini kama hiyo. GM walijibu Mustang kwa gari la kawaida, Camaro, lililotoka Septemba 1966 kama modeli ya 1967. Siku hiyo Corvair ilikuwa yatima nyumbani kwake.

Mwaka 1967 Corsa na turbo ziliondolewa, na takriban magari 27,000 tu yakatengenezwa. Lakini angalia ajabu: mwaka huo ndio lilipopata usukani unaojikunja wakati wa ajali, ili nguzo yake isimchome dereva kifuani, na breki za mifumo miwili, ili mmoja ukivuja mwingine ubaki. Mwaka 1968 modeli ya milango minne haikuwepo tena, na magari yakawa takriban 15,000. Mwaka 1969 yalikuwa 6,000. La mwisho lilitoka kiwandani Willow Run, Michigan, tarehe 14 Mei 1969. Kwa miaka yote kumi yalitengenezwa takriban milioni 1.8.

Yaani kadiri toleo lilivyokuwa salama zaidi ndivyo lilivyonunuliwa na watu wachache zaidi. Gari la 1969 lililipa deni la gari la 1960.

HUKUMU YA 1972

Hadithi ina kipande kimoja zaidi. Serikali ya Marekani iliamua kulipima gari lenyewe. Wakala wa usalama barabarani, NHTSA, ulilinganisha Corvair ya 1963 na wenzake wa enzi hizo, wakiwemo Falcon, Valiant na Volkswagen. Ripoti ya mwaka 1972 ilisema kwamba Corvair ya 1960 hadi 1963 haikuwa na mwelekeo usio wa kawaida wa kupoteza udhibiti au kupinduka ukiilinganisha na magari hayo.

Wapenzi wa Corvair huishika ripoti hiyo kama cheti cha kuzaliwa. "Umeona? Lilisingiziwa!" Na wana haki ya kuitaja. Kwamba gari hili lilikuwa jini peke yake kati ya malaika, hapana, si kweli.

Lakini mimi naisoma kwa jicho la mtu anayepima programu. "Si mbaya kuliko wenzake" ni jibu la swali moja. Swali la pili linabaki: ulijua nini, na ulifanya nini baada ya kujua? Wahandisi walijua kuhusu stebilaiza kabla ya gari la kwanza kuuzwa. Mwaka 1962 waliiuza kama nyongeza. Mwaka 1964 waliiweka kwa wote. Ikiwa haikuhitajika, kwa nini waliiweka? Na ikiwa ilihitajika 1964, ilihitajika 1960, kwa sababu sheria za fizikia hazikubadilika katikati hapo. Matoleo yenyewe ndiyo shahidi, wala huhitaji kumwamini Nader au GM. Panga miaka kwa mstari usome kilichobadilika.

TUNAONDOKA NA NINI?

Mimi naondoka na mambo matatu.

La kwanza, usalama usiuzwe kama nyongeza. Ukishajua kwamba kitu fulani humlinda mtumiaji, kiwe ndani tangu mwanzo, kikiwa kimewashwa. Atakayetaka kukizima akizime mwenyewe.

La pili, kutengeneza kiraka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikia yule mwenye toleo la zamani. Yeye ndiye aliyekuamini mapema kuliko wote, na mara nyingi ndiye asiye na pesa ya kununua jipya. Gari la 1961 lililonunuliwa na tajiri, mwaka 1967 lilikuwa la mwanafunzi.

La tatu, watu hawakumbuki namba, wanakumbuka jina. Ukirekebisha kimya kimya ukitumaini hakuna atakayejua kwamba palikuwa na kasoro, siku kasoro ikijulikana hakuna atakayejua kwamba ulirekebisha. GM walilipa gharama zote mbili.

Wanaobishana juu ya Corvair bado wapo, na magari mengine bado yapo, yakitunzwa na wenyewe kwa upendo. Ukimkuta mmoja mahali fulani, usimwulize kama gari lake ni hatari. Mwulize ni la mwaka gani. Na akikwambia ni la 1960 hadi 1963, mwulize pia matairi ya mbele yana upepo kiasi gani.

Haya, kwaherini kwa sasa. Wenye hadithi ya kitu kingine kilichorekebishwa baada ya jina kuharibika, leteni.